Si Kila Homa ni Malaria

Wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi vijana wa leo,

Kwa miaka 2 nilitibiwa malaria, ingawa vipimo havikuonyesha vijidudu. Vidole vilivimba kila asubuhi. Ofisini nikaitwa mvivu. Hatimaye daktari mmoja alinisikiliza tangu mwanzo, akapima mkojo, akakuta protini. Damu ikapimwa kutafuta kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe: ni lupasi. Hakuna aliyeufikiria ugonjwa huo, maana karibu wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake. Ajabu, dawa ninayomeza sasa, haidroksiklorokwini, ni ya ukoo wa dawa za malaria!

Vijana, ziandikeni dalili zenu pamoja na tarehe. Msione haya kumwuliza daktari kipimo kinatafuta nini. Hapa ndipo tulipofundishwa kuuliza.