HESABU MENO YA BAISKELI YAKO

Chukueni daftari na kalamu, maana somo la leo ni la kugawanya. Aliye na baiskeli aiegemeze karibu naye.

Yuko mtu ambaye kila akifika mlimani na mzigo wake hushuka na kusukuma. Husema, "Miguu yangu haina nguvu." Pengine miguu haina kosa. Kosa liko katika meno ya baiskeli.

Tazama baiskeli ya kazi, ile isiyo na gia za kubadili. Mbele, penye pedeli, pana gurudumu kubwa la meno. Nyuma pana dogo, yaani friwili. Mnyororo huyaunganisha. Tia alama ya chaki kwenye jino moja, hesabu mpaka urudi papo hapo, kisha andika.

Tuseme mbele umepata meno 48, na nyuma 16. Gawanya: 48 kwa 16 ni 3. Maana yake, ukizungusha pedeli mara moja, tairi la nyuma huzunguka mara 3. Tairi la inchi 28 likizunguka mara moja huenda kiasi cha meta 2.2. Zidisha kwa 3, utapata meta 6.6.

Sasa weka nyuma friwili ya meno 20. Gawanya: 48 kwa 20 ni 2.4. Pedeli ikizunguka mara moja, baiskeli huenda kiasi cha meta 5.3 tu. Je, umepata hasara? Hapana. Umepunguza mwendo, ukapata wepesi. Ngazi zilizo karibu karibu hazichoshi kama zile za mbali mbali.

Basi shika kanuni hii. Meno machache nyuma: mwendo wa kasi, pedeli nzito. Meno mengi nyuma: mwendo mdogo, pedeli nyepesi. Huwezi kupata yote mawili pamoja. Anayepita njia tambarare bila mzigo, 16 yamfaa. Anayepanda kutoka Himo kwenda Marangu na mfuko wa saruji, heri 20.

Ukienda kwa fundi kubadili, angalia mambo manne.

Kwanza, friwili ifunguliwe kwa kifaa chake, isigongwe kwa patasi na nyundo.

Pili, ukiongeza meno 4, mnyororo hautatosha kama zamani. Gurudumu la nyuma lisogezwe mbele kiasi cha nusu inchi, au mnyororo uongezwe. Ukiisha kufungwa, ucheze kidogo juu na chini, usikaze kabisa.

Tatu, gurudumu likisogea, breki hukosa mahali pake. Zirekebishwe hapo hapo. Usingoje kulijua hilo ukiwa mteremkoni.

Nne, mnyororo uliochakaa huruka juu ya friwili mpya, nawe waweza kuanguka na mzigo wako. Badili vyote viwili.

Tena, usiridhike ukiambiwa, "Nimekuwekea kubwa." Hesabu meno mwenyewe kabla ya kulipa. Fedha ni yako, na magoti ni yako.

Kazi ya juma hili: mbele meno 44, nyuma 22. Pedeli ikizunguka mara moja, tairi la inchi 28 huzunguka mara ngapi? Baiskeli huenda meta ngapi? Andika jibu, umwonyeshe mwalimu wako.

Kwaherini mpaka somo lijalo.