Koti Lisilovulika: Mhadhara Kuhusu Matabaka ya Picha



Naomba nianzie Nkwenda, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Bibi mmoja alikuwa na picha ndogo ya pasipoti ya marehemu mumewe, imechakaa pembeni. Akaipeleka kwa fundi wa picha, aunganishwe na mzee wake wakae pamoja ukutani. Siku ya kuchukua kazi aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, hili koti la nani? Mzee alikuwa mtu wa kanzu."

Fundi akajikuna kichwa. "Limeshaganda, Bibi. Halivuliki tena."

Kwa nini lisivulike? Hilo ndilo somo langu leo.

Kuunganisha picha hakukuanza na kompyuta. Mwaka 1857, huko Uingereza, mpigapicha Oscar Rejlander alitengeneza picha moja kwa negativu zaidi ya 30. Kwetu Afrika Mashariki, mpigapicha Omar Said Bakor wa Lamu aliwapachika watu mahali ambapo hawakuwahi kukaa. Enzi za filamu, kazi ikiharibika, negativu ipo. Fundi anaanza upya.

Kwenye kompyuta, kinga hiyo ni matabaka. Programu ya kuhariri picha ya Photoshop iliyapata katika toleo la 3, mwaka 1994. Kabla ya hapo, kipande ukishakibandika kimezama ndani ya picha.

Watu wa Kagera watanielewa nikitaja mgomba. Kile tunachokiita shina ni maganda ya majani yaliyokumbatiana: bandua moja, la ndani yake liko zima. Ndivyo picha inavyopangwa. Chini kabisa iko ya asili, haiguswi. Juu yake anakaa mzee, kisha nguo, kisha kivuli, na juu ya yote marekebisho ya mwanga. Kila tabaka la juu linaweza kuwekewa barakoa yake: ukipaka nyeusi sehemu inajificha, ukipaka nyeupe inarudi. Hakuna kilichofutwa. Kama Bibi alipigwa na mwanga wa kushoto, kivuli cha mzee kinasogezwa kulia bila kumgusa mzee mwenyewe.

Fundi wetu alilibandika koti moja kwa moja, akahifadhi kazi kama JPEG, faili lisilobeba matabaka, akafunga programu. Aliokoa nafasi ya diski, akapoteza njia ya kurudi.

Wapo wanaosema kuunganisha picha ni uongo. Bibi hakudanganywa, alijua fika hawakuwahi kusimama pamoja mbele ya kamera. Kilichomuuma ni kwamba mumewe amevalishwa na mtu mwingine, na hakuna wa kumvua. Kwa hiyo nawasihi mnaofundisha na mnaojifunza kazi hii: tunzeni faili lenye matabaka, na mteja arudishiwe picha yake ya asili.

Bibi hakubishana. Alifungua pindo la khanga, akatoa ile picha ya pasipoti iliyochakaa, akaiweka mezani. Kazi ikaanza upya.