Meza ya Kupanda na Kushuka kwa Mwenye Skrini Nyingi



Nimeombwa nizungumzie meza za kazi zinazopanda na kushuka, zile zinazomwezesha mtu kufanya kazi ameketi na baadaye amesimama bila kuhama mahali pake. Wapo miongoni mwenu wahasibu, wafasiri na waandishi wa programu wanaofanyia kazi nyumbani wakiwa na skrini mbili au tatu mbele yao. Kwao meza hii ni kitendea kazi, na bei yake yaweza kumfanya mtu avunje akiba. Kama kusimama kunaponya mgongo, hilo nawaachia matabibu. Ninachojua ni kwamba kusimama kutwa nzima nako huchosha, na faida ya meza hii ni kubadili mkao.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Dada yangu, mhasibu anayefanyia kazi nyumbani kwake Tegeta, aliniomba ushauri baada ya kuona tangazo la meza ya aina hii. Nilitazama jambo moja tu, uzito unaobebwa. Tangazo lilisema kilo 80, nikamwambia anunue. Nami ndiye mtu anayelipwa kuwashauri wengine!

Kilo 80 zilikuwa za kweli, ila hazikuwa na maana. Skrini ya inchi 24 bila kitako chake ina uzito wa takribani kilo 3 hadi 4. Ziweke tatu, ongeza mikono ya chuma inayozishika, kompyuta na vikorokoro vyote vya mezani, na bado ni vigumu kufika kilo 40. Matatizo yalikuwa kwingine. Ubao wa juu ulikuwa na urefu wa sentimita 120, ilhali skrini moja ya inchi 24 ina upana wa takribani sentimita 54. Tatu zikipangwa sambamba zinataka sentimita 162. Chini ya ubao, kwenye ukingo wa nyuma, ulipita upau wa chuma mahali hasa ambapo kibano cha mkono wa skrini kingeng'ata. Akahamishia kibano pembeni, kwenye chipubodi nyembamba, na katika wiki ya pili ubao ukabonyea.

Lililomuumiza zaidi lilikuwa kimo. Meza ilipanda vizuri, lakini katika kushuka ilikomea sentimita 72. Dada yangu ni mfupi. Akiketi, kiwiko chake kipo sentimita 63 kutoka sakafuni. Alinunua meza ya kumpumzisha mabega, nayo ikayapandisha kila alipoketi.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, chukueni futikamba. Keti kwenye kiti chako, nyayo zikigusa sakafu, kunja mkono kwa pembe mraba, kisha mtu akupime kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Simama, upimwe tena. Vaa kile unachovaa ukiwa kazini nyumbani, yaani kandambili au miguu mitupu, maana kiatu cha mjini huongeza sentimita mbili tatu za uongo. Vipimo hivyo viwili ndivyo mwanzo na mwisho wa safari ya meza yako. Meza ambayo miguu yake ina vipande viwili vinavyoingiliana aghalabu huanzia sentimita 70 au zaidi. Yenye vipande vitatu huweza kushuka hadi karibu 60. Watu warefu watazame upande wa juu kwa makini hayohayo.

Kisha inama uchungulie chini ya ubao. Hakikisha ukingo wa nyuma una sentimita kadhaa zilizo wazi kwa ajili ya kibano, na ubao wenyewe ni mnene na mgumu. Kina cha ubao kisipungue sentimita 75 ikiwezekana, kwa kuwa mkono wa skrini ukikunjwa hutokeza nyuma na kugonga ukuta, nawe unalazimika kuivuta meza mbele. Geuza pia skrini zako uone kama zina matundu manne ya kufungia mkono. Yapo yaliyoachana milimita 75 na yapo ya milimita 100, na baadhi ya skrini za bei nafuu hazina kabisa.

Dukani, omba meza ipandishwe hadi kimo chako cha kusimama. Weka viganja ukingoni, isukume mbele na nyuma, uandike hewani kama uandikavyo kazini. Mtikisiko mdogo wa ubao hukua ukifika kwenye skrini iliyoning'inia juu ya mkono. Binafsi, kwa mwenye skrini tatu, ningechagua yenye mota mbili. Umeme ukikatika meza hubaki pale ilipo, basi ukiiacha juu, ndipo utakapoikuta. Iliyoletwa kutoka Marekani isomwe kibandiko chake: umeme wetu ni volti 230.

Waya nazo zina hesabu. Kutoka kuketi hadi kusimama ubao hupanda sentimita 35 hadi 45, na kila waya unaofika sakafuni lazima uwe na ziada hiyo. Njia nzuri ni kufunga ekstensheni chini ya ubao, ili ushuke waya mmoja tu kuelekea ukutani.

Narudi kwa dada yangu. Muuzaji alimwonyesha maneno yaliyopigwa muhuri kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Kilichomwokoa ni ujumbe wa simu aliomwandikia muuzaji kabla ya kulipa: “Nina skrini tatu za inchi 24, nataka kuzibana nyuma ya meza. Hii itafaa?” Akajibiwa: “Itafaa kabisa dada.” Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji wa bidhaa za aina hiyo kazi anayoikusudia na kuonyesha kwamba anategemea ujuzi wake. Lakini ukiagiza kitu mahususi kwa jina lake la biashara pekee, kinga hiyo yaweza kukuponyoka. Nayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Muuzaji alikubali kuichukua meza, akakata gharama ya usafiri. Kuhusu kimo hatukuwa na la kudai, kwa sababu dada hakukiuliza.

Andikeni basi idadi na ukubwa wa skrini, mahali pa kubana, na vimo vyenu viwili, na jibu mlitunze pamoja na risiti ya EFD. Meza ikiletwa, ipandisheni na kuishusha ikiwa na mzigo wake kabla mleta mzigo hajaondoka. Kasoro mtakayoiona iandikwe kwenye hati ya kupokelea, kabla ya kutia saini.