Mche Uliobaki Baada ya Dawa



Mvua zikinyesha, kandokando ya barabara za Arusha huchipua mmea wenye majani kama ya karoti na maua madogo meupe. Wakulima wanauita gugu karoti. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na hapa kwetu lilitambuliwa mwaka 2010. Mche mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000. Gugu hili huwasha ngozi, hubana kifua, na ng'ombe akilila maziwa huwa machungu.

Mwenye kiwanja Kwa Mrombo hukimbilia duka la pembejeo, akanunua dawa ya glaifoseti, akapiga. Wiki mbili baadaye gugu limekauka, isipokuwa miche miwili mitatu. "Nimeuziwa dawa feki," husema. Yawezekana. Lakini ipo sababu nyingine, nayo ni mbaya zaidi.

Glaifoseti hushambulia kimeng'enya kimoja ambacho mmea hukitumia kutengeneza malighafi ya protini. Fikirieni kufuli lililochomekwa kijiti: ufunguo hauingii, kazi inasimama, mmea unakufa. Kimeng'enya hicho hujengwa kwa maagizo ya vinasaba. Ikibadilika herufi moja tu ya maagizo hayo, katika nafasi ya 106 hukaa serini badala ya prolini. Tundu la kufuli hubadilika umbo kidogo. Kijiti hakishiki, lakini ufunguo bado unaingia. Gugu linaendelea kustawi.

Hiyo si hadithi. Nchini Colombia, gugu karoti lisilokufa kwa glaifoseti liliripotiwa mwaka 2004.

Wapo wanaodhani kwamba gugu huizoea dawa kama mtu anavyozoea pilipili. Sivyo. Herufi ile huweza kuwamo katika mche mmoja kati ya maelfu kabla bomba halijafunguliwa. Dawa huua majirani zake wote na kuuachia mche huo kiwanja kizima. Watoto wake hurithi kufuli lile lile. Anayepiga dawa ile ile msimu hata msimu anachagua mbegu za gugu sugu kwa fedha zake mwenyewe.

Tufanyeje basi? Tufuate kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko. Tusitegemee aina moja ya dawa miaka yote. Na ule mche uliobaki tuung'oe na mizizi yake kabla haujatoa maua, mikono ikiwa na glavu, pua na mdomo vimefunikwa. Wataalamu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu wako hapa hapa Ngaramtoni; tukawaulize.

Kiwanja kisichojengwa nacho kina mwenyewe. Gugu likichanua humo, mbegu huenda kwa jirani kwa upepo, kwa maji, na kwa matairi ya magari. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.