Picha inatoka hapa inacheza, inafika kule imekufa

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wanaoshughulika na matangazo na barua pepe

 

Leo tunaongea juu ya picha zinazocheza, zile GIF, na namna ya kuzipitisha mu barua pepe zikafika nzima. Kila juma kuna mwenye anatuuliza swali lile lile: "Mbona tangazo langu lilikuwa linacheza ku simu, nimelituma, kule linafika limesimama kama picha ya karte?" Swali linaonekana la mchezo, lakini haiko la mchezo. Barua zetu zinaenda kwa watu wenye hatuwezi kuwafikia kwa mguu: biro za serikali, wanahabari, wandugu walio ng'ambo. Tena wengi kati yetu, sisi mashomeri wenye diplome ndani ya kabati, tunakula kidogo kidogo na kazi hii: mualiko wa ndoa, tangazo la butiki, programu ya kwaya. Mteja akipokea picha imekufa, hatalipa, na hatarudi.

Basi tuingie ndani.

GIF ni faili moja yenye picha nyingi zilizopangwa moja nyuma ya ingine. Kumbukeni ile daftari ya ku primere: ulichora mtu mdogo pembeni ya kila ukurasa, ukapindua kurasa mbio mbio, mtu akakimbia. Ni vile tu. Kwa kila picha, faili inabeba muda wa kusubiri mbele ya kupita kwa inayofuata. GIF ilitoka mu 1987 ku kampuni ya Marekani, CompuServe, na mkubwa wa kazi ile alikuwa Steve Wilhite. Muda wa kusubiri uliongezwa mu toleo la 1989. Kuzunguka bila mwisho kulikuja na Netscape mu 1995, na mpaka leo ukifungua tumbo la faili inayozunguka, utakuta jina la Netscape limeandikwa mle, ijapokuwa programu yenyewe ilishakufa zamani. Wale wanaobishana namna ya kutamka: Wilhite mwenyewe alisema mu 2013 kwamba inasomwa "jif". Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tulikuwa karibu kabisa na haki bila kujua.

Kuna kipande cha historia chenye kitawafurahisha. Mwisho wa 1994, kampuni Unisys ilisema kwamba njia ya kukandamiza faili mu GIF ni mali yake, na mwenye kutengeneza programu za GIF alipe. Watengenezaji wa programu walikasirika. Wengine wakakaa pamoja wakabuni PNG, picha isiyodai franga kwa mtu, na mu 1999 kukawa hata kampeni ya kuchoma GIF zote. Haki ya Unisys ilikwisha Marekani mu 2003, ku inchi zingine mwaka uliofuata. Leo mtu haombi ruhusa kwa mtu.

Sasa, juu ya nini barua inakubali GIF na video inaipa shida? Programu nyingi za barua zinaogopa kila kitu chenye kuweza kufanya kazi chenyewe ndani ya barua, kwa sababu virusi vinapita pale. Video zinaziwekea mipaka, programu ndogo ndogo zinazifungia mlango kabisa. Lakini GIF kwa macho yao ni picha tu kama picha ingine. Inapita na karte d'identité ya picha, kumbe ndani inabeba sinema.

Ugonjwa wa kwanza, na tunaukuta mara nyingi kuliko yote: faili haiko GIF. Unaona kitu kinacheza ku WhatsApp, kimeandikwa GIF, unakihifadhi, unakituma ku barua pepe. Kumbe WhatsApp inabadilisha GIF kuwa video fupi isiyo na sauti, mp4. Ukiiweka mu barua, inafungwa pembeni kama video, au haionekani kabisa mahali ulipotaka. Kubadilisha jina lake kutoka .mp4 kuandika .gif hakusaidii; ni kama kumvalisha mbuzi koti ukamwita direkta. Wengine wanapiga kapture ya ekrani: pale umechukua picha moja tu. Wengine wanafungua GIF mu Paint kupunguza ukubwa, wanahifadhi, na Paint inabakiza picha moja, zingine zote zinatupwa. Dawa ya kujua ni nyepesi: vuta faili uiweke ndani ya Firefox ao Chrome. Ikicheza na jina lake linaisha na .gif, iko nzima. Isipocheza pale, haitacheza popote, hapana kulaumu mtu wa barua.

Ugonjwa mwingine ni namna ya kuiweka. Mu Gmail ya ku kompyuta kuna alama ya tromboni, ile ya kufungia makaratasi, na kuna alama ya picha. Ukipitia tromboni, GIF inakaa nje ya barua, mtu ni lazima aifungue. Ukipitia alama ya picha, inakuuliza kama unataka ikae ndani ya maandishi ao iwe kitu cha kufunga. Chagua ndani ya maandishi. Hapana kuitoa mu Word na kuibandika mu barua. Njiani inaweza kugeuka picha ya kusimama. Na wale wanaoandika barua kwa HTML: hapana kugeuza picha kuwa herufi ndefu ndefu na kuzimwaga mle ndani ya anwani ya picha. Gmail haionyeshi picha ya namna ile. Ama picha isafiri pamoja na barua na jina lake la ndani, ama ikae ku seva na barua iiite kwa anwani ya https.

Tukifika hapa, faili iko nzuri, imewekwa vizuri, inatoka. Na kule bado inasimama. Ndiyo pale tunafika ku jambo lenye hatuna uwezo juu yake: programu ya yule anayepokea.

Apple Mail inacheza GIF. Gmail inacheza. Lakini Outlook ya Windows, kuanzia toleo la 2007, kwa miaka mingi ilikuwa inatumia injini ya Word kwa kuonyesha barua, na Word haikujua kucheza GIF. Inaonyesha picha ya kwanza, inaishia pale. Matoleo mapya ya Outlook yalitengenezwa, yanacheza. Lakini nani kati yetu hajaona kompyuta za biro zetu? Mashini iliwekwa siku ile ya ufunguzi, mtu akafanya hotuba, na tangu siku ile programu haijaguswa. Barua yenu itafunguliwa mu mashini ile, na yule sekretere ndiye anaamua kama karatasi inapanda kwa mkubwa ama inabaki.

Chukueni mfano. Unatayarisha tangazo la mkutano juu ya maji ya kartie. Unataka likae na ladha: linaanza jeupe, kisha tone la maji linaanguka, kisha herufi zinatokea moja moja, ku mwisho kabisa inakuja siku, saa na mahali. Ku simu yako ni kizuri sana. Mu Outlook ya zamani, sekretere anaona nini? Karatasi nyeupe. Anaona barua isiyo na kitu, anaifuta, hata hana kosa. Mkutano unafika, kiti cha mualikwa kiko wazi, na watu wa kartie wanasema "wamekataa kuja", kumbe hawakujua.

Kwa hiyo kanuni yetu ni hii, na tutakuwa wakali juu yake: picha ya kwanza ya GIF ni lazima ibebe kila kitu. Jambo, siku, saa, mahali. Tone la maji lianguke nyuma ya pale, mu picha ya pili na zinazofuata, halafu mzunguko urudi ku ile ya kwanza. Mwenye anaona mchezo atafurahi, mwenye haoni mchezo atafika ku mkutano. Tena, siku na saa ziandikwe pia mu maneno ya barua yenyewe, na picha iwe na maandishi ya badala, yale yanayosomwa wakati picha haionekani. Kuna watu wanafunga picha zote ili kuokoa mega. Kuna vipofu wanaosikilizishwa barua na simu. Hawa pia ni raia.

Tumesema mega. Tukae hapa kidogo, juu hapa ndipo tunaumizana wenyewe kwa wenyewe.

GIF ya mega 4, ukiituma kwa watu 250, ni mega 1000 zinazotoka mu mifuko ya watu. Wewe umelipa upande wako mara moja. Wao wanalipa wengine. Tena picha ikisafiri ndani ya barua, inageuzwa kuwa herufi kwa ajili ya safari, na uzito wake unaongezeka karibu theluthi moja. Ile ya mega 4 inatembea ikiwa na zaidi ya 5. Mwanafunzi aliyenunua forfe ya siku, umekula mkate wake kwa tone la maji.

Uzito unatoka wapi? Ku wingi wa picha. Sekunde 6 kwa picha 10 kila sekunde, ni picha 60 ndani ya faili moja. Sekunde 6 zile zile kwa picha 2 kila sekunde, ni 12. Kwa tangazo la maandishi, 12 zinatosha kabisa. Kitu cha pili ni upana: pikseli 600 zinatosha mu barua, hapana kuacha picha ilivyotoka ku kamera. Cha tatu ni rangi. GIF haipiti rangi 256 kwa kila picha, kwa hiyo sura ya mtu iliyopigwa na kamera inakuwa na madoa na bado inabaki nzito, wakati mchoro wa rangi nne tano unakuwa mwepesi na safi. Kama unataka kuonyesha watu, weka fotografia ya JPEG iliyosimama. Si kila kitu ni lazima kitikisike.

Tunafanya hivi na GIMP, juu ni ya bure. Kila picha inakaa ku tabaka lake, ile ya chini kabisa ndiyo ya kwanza kuonekana. Geuza rangi kuwa za hesabu, 16 ama 32, uone kama macho yanakubali. Wakati wa kutoa GIF, weka alama pale inaposema itoke kama animasio, weka alama ya kuzunguka, na muda wa kusubiri uandike mwenyewe: milisekunde 500 kwa mchezo wa kawaida, 3000 kwa ile picha ya kwanza ili mtu amalize kusoma. Ukiacha sufuri, kila programu itachagua mwendo wake. Na hapana kufanya picha ipige mwanga zaidi ya mara tatu mu sekunde moja. Kuna watu inawaangusha kifafa. Lengo letu: faili isipite kilobaiti 500. Ikipita, toa picha mbili tatu, jaribu tena.

Kinabaki kitu kimoja, na hiki wengi hawakifikirii.

Picha iliyoko ku seva haingii mu barua mpaka mtu aifungue. Akifungua, programu yake inaenda kubisha hodi ku seva ile, na seva inaandika: saa fulani, kutoka anwani fulani ya rezo. Kama kila mtu amepewa anwani yake ya picha, mwenye seva anajua ni nani alifungua, na mara ngapi. Wafanyabiashara wanatumia njia hii kila siku, hata na picha ya pikseli moja isiyoonekana. Tangu Desemba 2013 Gmail inapitisha picha ku mashini za Google, na Apple ikaweka ulinzi wake mu 2021. Hizo zinaficha mahali ulipo. Lakini kwa Gmail saa ya kufungua bado inaweza kujulikana, na programu zingine hazifichi kitu.

Kwa barua zetu, basi, picha isafiri ndani ya barua, ndiyo sababu tunapigana na uzito. Barua inayoenda kwa mtu mwenye anaweza kupata shida kwa sababu ya kuisoma, isiwe na picha yoyote. Wengine watasema: bila kuhesabu tutajuaje kama watu wanasoma? Tutawauliza. Na ninyi wenyewe, mu mipangilio ya Gmail, chagueni ikuulize mbele ya kuonyesha picha zinazotoka nje. Barua ya mtu usiyemjua, yenye kapicha kazuri kanachocheza, inaweza kuwa imekuja kuhesabu kichwa chako.

Sasa fungueni mashini. Kila mtu achukue tangazo la maji lililo ndani ya kile kijiti cha USB kinachozunguka, aligeuze kufuata tuliyosema, alitume ku anwani yake mwenyewe na kwa jirani yake. Pale ku meza ya mwisho kuna kompyuta yenye Outlook 2010, tuliiomba makusudi. Barua zote zitafunguliwa mle, mbele ya wote, na ambaye picha yake ya kwanza haina saa ya mkutano atarudia. Umeme unaweza kukatika wakati wowote, kwa hiyo hifadhini kila dakika.