Kitunguu Kisichong'olewa

Msikilizaji, kila bei ya vitunguu inapopanda sokoni, lawama zetu humwangukia mchuuzi. Mimi nakualika utazame nyuma ya jiko lako, kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. Humo vitunguu majani vinaweza kuishi miaka kadhaa, na havifanyi kichwa kikubwa. Hujigawa vyenyewe hadi vikawa kichaka. Kosa letu ni kung'oa. Kata majani kwa kisu, acha sentimita 3 hadi 5 juu ya udongo, mwagilia, tia samadi iliyooza vizuri. Baada ya wiki chache yatachipua tena. Kichaka kikibanana, kigawanye, na jirani naye apate mche. Ukienda sokoni wiki hii, chagua fungu lenye mizizi, ulipande jioni hiyohiyo.