Tunatoa taarifa, hatuombi kibali

Juzi tawini kwetu mkutano umeahirishwa. Nauliza kulikoni, mwenyekiti ananijibu, "Mwanangu, polisi hawajatupa kibali." Basi, kila mtu akaondoka zake. Hata mimi ninayesoma sheria niliitikia tu, nikaenda nyumbani.

Jamani, kibali kipi? Zamani kilikuwepo kweli. Mwaka 1994, kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu akasema sharti hilo linakiuka Katiba. Leo kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi kinataka taarifa ya maandishi, saa 48 kabla. Taarifa! Ndiyo, OCD anaweza kuuzuia mkutano akiona amani itavunjika. Lakini asipozuia, hakuna "ndiyo" ya kungoja.

Neno moja tu, ila linatufanya tuombe kilicho chetu. Kwa hiyo kila tawi: barua nakala mbili, moja igongwe muhuri tubaki nayo. Na ukimsikia mwenzako anasema kibali, msahihishe palepale, hata nikiwa mimi.